Mnazi Hauna Kazi Kando ya Dainosari wa Tendaguru

Fungua mfuko wa dainosari wa plastiki wanaouzwa kwenye maduka ya vitu vya watoto. Utakuta sanamu kumi, pengine kumi na mbili, na chini kabisa mnazi mmoja wa kijani. Kwa mtoto hilo halina neno, mchezo ni mchezo. Neno linaanza pale mtu mzima anapotoa fedha ya maana kununua Giraffatitan aliyechongwa mpaka mikunjo ya ngozi, akamweka kwenye kabati la kioo au meza ya maonyesho ya shule, kisha akamzungushia minazi ileile, nyasi za kijani kibichi na maua mekundu ya plastiki. Hapo mnyama anatueleza habari moja na mimea inatueleza nyingine, na mtazamaji makini ataiamini mimea, kwa sababu mimea ndiyo inayotaja mahali na wakati. Sanamu ya dainosari juu ya meza tupu ni sanamu tu. Ukiiwekea mmea mmoja kando, tayari umetoa madai.

Kwa hiyo kabla ya kununua au kukata chochote, yafaa kujiuliza mnyama huyu aliishi lini. Swali hili ndilo linalowaangusha wengi. Tangu Giraffatitan, aliyeishi miaka kama milioni 150 iliyopita, hadi Tyrannosaurus wa mwisho, miaka milioni 66 iliyopita, pana pengo kubwa kuliko lile lililopo kati ya Tyrannosaurus na wewe unayesoma. Ndani ya pengo hilo sura ya dunia ilibadilika kabisa, maana ndimo ilimozuka na kuenea mimea inayotoa maua. Chavua zake za uhakika zilizo kongwe zaidi zina umri wa miaka milioni mia moja thelathini na kitu. Nyuma ya hapo, katika kipindi cha Jurasi, hapakuwa na ua, embe, mgomba, mbuyu wala mchikichi. Kijani chote kilikuwa cha misonobari na jamaa zake, mitapo, ginko, makangaga na mimea mingine ambayo leo tunaiona pembeni pembeni tu.

Kosa la upande wa pili halisemwi sana, nalo ni kurudi nyuma kupita kiasi. Miti yenye magome kama magamba ya samaki, ile ya Lepidodendron inayopendwa na wachoraji wa vitabu vya watoto, ilistawi katika vinamasi vya kipindi cha Karboni, miaka kama milioni 300 iliyopita. Dainosari wa kwanza alikuwa bado makumi ya mamilioni ya miaka mbele. Kwamba mmea ni wa kale hakuufanyi uwe wa zama za dainosari.

Mahali pia pana uzito wake, na hapa mfano bora kwetu uko Lindi. Mwaka 1906 mhandisi wa madini wa Kijerumani, Bernhard Wilhelm Sattler, aliona mifupa mikubwa imejitokeza ardhini karibu na kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi. Kuanzia 1909 hadi 1913 Makumbusho ya Berlin iliendesha uchimbaji mkubwa chini ya Werner Janensch na Edwin Hennig. Kazi yenyewe ilifanywa na mamia ya vibarua wa nchi hii, na msimamizi wao mkuu alikuwa Boheti bin Amrani, jina linalostahili kutajwa kila Janensch anapotajwa. Mifupa ilibebwa vichwani na mabegani mpaka bandarini. Giraffatitan aliyesimamishwa Berlin mwaka 1937 ana kimo cha mita 13.27. Pamoja naye walitoka Dicraeosaurus, Tornieria, Elaphrosaurus, Dysalotosaurus mdogo mwepesi, na Kentrosaurus mwenye miiba mgongoni na mkiani. Kampuni za sanamu za Ulaya, Marekani na China zimewatengeneza baadhi yao mara nyingi.

Mtu akisikia Tanzania, mawazo yake yanakimbilia savana. Mimi mwenyewe nilinaswa na mtego huo. Kentrosaurus wangu wa kwanza nilimtengenezea migunga mitatu ya waya wa kufungia nondo, yenye vichwa bapa vya sponji, nikaona nimempa kwao. Ilikuwa kazi ya jioni nne. Kumbe migunga ni ya jamii ya kunde, na visukuku vya uhakika vya jamii hiyo vinaanza kuonekana baada ya dainosari kutoweka. Hata miombo inayokizunguka kilima cha Tendaguru leo ni wageni wa juzi. Nchi iliyowalea wanyama wale ilikuwa nyingine kabisa. Bara la Afrika lilikaa kusini zaidi ya lilipo sasa, na Tendaguru palikuwa pwani, penye wangwa, matope ya kupwa na kujaa, na matuta ya mchanga yaliyozuia mawimbi. Kati ya tabaka zenye mifupa ya dainosari kuna tabaka za mchanga wa bahari zilizojaa makombe ya Trigonia. Hali ya hewa ilikuwa ya joto, yenye msimu mrefu wa kiangazi.

Mimea ya hapo tunaijua kwa njia isiyo ya kawaida. Majani kamili yaliyogeuka mawe ni adimu sana Tendaguru, na ushahidi mwingi ni chavua, vipande vya ngozi ya majani vinavyoonekana kwa hadubini, na mbao zilizogeuka jiwe. Chavua inayotawala ni ile ya misonobari ya jamii ya Cheirolepidiaceae, ambayo ilitoweka yote bila kuacha mtoto. Ipo ya araukaria pia, na spora za makangaga. Maana yake kwa mtengenezaji wa mandhari ni kwamba majina ya koo tunayo, lakini sura ya kila mti hatuna. Inabidi tuazime sura kutoka kwa ndugu zao waliohifadhiwa vizuri mahali pengine. Cheirolepidiaceae waliopatikana kwingine walikuwa na vitawi vilivyofunikwa majani madogo kama magamba, mithili ya mtarakwa au ile misonobari ya uani inayokatwa kuwa ua wa nyumba za Arusha na Limuru. Ilikuwa miti iliyovumilia ukame na chumvi, jambo linaloafikiana na pwani yenye kiangazi kirefu.

Sasa mchukue Tyrannosaurus au Triceratops wa Hell Creek, kule Montana na Dakota. Karibu kila kitu nilichokataza hapo juu kinageuka. Kati ya aina za majani zilizokusanywa katika miamba ile, takribani tisa kwa kila kumi ni za mimea inayotoa maua: jamaa wa mlorieli, jamaa wa mkuyu wa Ulaya, vichaka vya majani mapana. Michikichi nayo ilikwisha kuwapo duniani. Anayemzungushia Triceratops mitapo na araukaria peke yake, akidhani ndiyo ukale, amemrudisha nyuma miaka milioni 80. Yaani aliyemwekea Tyrannosaurus kichaka cha majani mapana kutoka bustanini kwake anaweza kuwa karibu zaidi na ukweli kuliko aliyeagiza seti ya “mimea ya kale” kutoka ng’ambo.

Nyasi nimeziachia aya yake, kwani ndizo zinazovuruga kazi nyingi kuliko minazi yote. Filamu ya Jurassic Park ya mwaka 1993 ilipiga picha zake za nje nyingi Hawaii, na dunia nzima ikaona Gallimimus wakikimbia kwenye malisho ya majani mabichi. Tangu hapo zulia la nyasi bandia limekuwa sakafu ya kwanza inayomjia mtu akilini. Ni kweli nyasi zilikuwapo mwishoni mwa zama za dainosari: mwaka 2005 watafiti walitangaza kwamba katika mavi yaliyogeuka mawe huko India walikuta chembe za silika za nyasi, za mwisho kabisa wa kipindi cha Kretasia. Lakini nyasi kuwapo ni jambo moja, na mbuga ya nyasi ni jambo lingine. Mbuga pana kama Serengeti ni za mamilioni ya miaka ya karibuni tu. Kwa mnyama wa Jurasi kama Kentrosaurus hakuna hata jani moja la nyasi linaloweza kutetewa. Sakafu yake ni udongo mtupu, mchanga, matope yaliyopasuka, matawi makavu yaliyoanguka, na hapa na pale fungu la makangaga.

Wengi wanashindwa kukubali udongo mtupu. Wanaona kama kazi haijakwisha.

Baada ya wakati na mahali ndipo linapokuja jambo ambalo wapenda mimea na wapenda sanamu hawaelewani. Wa kwanza hutaka nasaba: kama mnyama aliishi na mitapo, basi tuweke mtapo halisi. Wa pili hutaka sura: chochote kinachofanana, ilimradi jicho likubali. Mimi nimehamia upande wa sura, na sababu zangu ni mbili. Kwanza, mimea hai tunayoiita ya kale si ya kale kiasi tunachodhani. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa 2011 ulionyesha kuwa aina nyingi za mitapo ya leo zimeachana katika miaka milioni kumi na kidogo iliyopita, ingawa ukoo wenyewe ni mkongwe mno. Makangaga mengi ya kwenye vyungu vya barazani nayo ni ya makundi yaliyosambaa wakati misitu ya mimea yenye maua ilipokuwa tayari inaweka kivuli. Zaidi ya hapo, kundi lililojaa kila mahali wakati wa Jurasi, la Bennettitales, lilifanana na mitapo kwa majani na kigogo lakini halikuwa mitapo, na limekwisha lote. Anayeshika nasaba peke yake atabaki mikono mitupu mbele ya mmea wa kawaida kabisa wa zama zile.

Kuna mmea unaoharibu hoja yangu, nao niutaje kwa haki. Mwaka 2014 watafiti walieleza shina la kangaga lililopatikana kusini mwa Sweden, lenye umri wa miaka kama milioni 180, lililozikwa na matope ya volkano kwa haraka kiasi kwamba viini vya seli na hata kromosomu zinaonekana. Ni wa ukoo wa Osmunda, na tofauti yake na ndugu zake wa leo ni ndogo sana. Osmunda bado inaota Afrika, kwenye kingo za vijito vya nyanda za juu. Ukiwa nayo bustanini, una mmea ambao Kentrosaurus asingeushangaa.

Lakini huwezi kuuweka kabatini, na hiyo ndiyo sababu yangu ya pili: skeli. Sanamu nyingi nzuri za Giraffatitan zinakaribia skeli ya 1 kwa 40. Kwa kipimo hicho mnyama wa mita 13 anakuwa na kimo cha sentimita 33, Kentrosaurus wa mita nne na nusu anakuwa na urefu wa sentimita 11, na araukaria ya mita 40 inahitaji mti wa mita nzima. Jani la kangaga lenye urefu wa mita moja linatakiwa liwe sentimita mbili na nusu. Ukichomeka jani halisi la mtapo wa bustani, lenye urefu wa nusu mita, umemjengea mnyama wako mmea wenye majani ya mita 20. Hakuna kisukuku kinachokuunga mkono hapo, na hata mtoto wa chekechea atahisi kuna kitu hakikai sawa, ingawa hataweza kusema ni kipi.

Hivyo ndivyo mtu anavyoanza kutazama vitu vidogo kwa jicho jipya. Mvinje wa ufukweni ni mti unaotoa maua, kwa nasaba haufai hata kidogo. Ila chukua vitawi vyake vyembamba vilivyoanguka mchangani, vyenye vifundo na pete za magamba madogo: kwa skeli ya 1 kwa 40 kila kimoja ni shina la ekwisetamu (mmea usiotoa maua, wa mashina yenye vifundo) lenye unene wa sentimita tatu au nne, na ekwisetamu zilikuwapo tele zama za Jurasi. Vikate vitawi hivyo kwa urefu tofauti, visimamishe kwa gundi kando ya dimbwi, na umepata kichaka ambacho hakuna kiwanda kitakachokuuzia. Ncha za mtarakwa zilizokaushwa kivulini zinafaa kwa Cheirolepidiaceae, na mche wa araukaria ya Norfolk, ule mti wa bustani za hoteli wenye matawi ya ngazi kwa ngazi, ukiwa bado chunguni na kimo cha nusu mita unasimama kama mti wa mita 20. Kuvumwani, yale mazulia ya kijani yanayoota kwenye ukuta wenye unyevu, yakikaushwa hutoa mashina madogo yanayopita kwa makangaga ya mbali.

Kwa majani ya mtapo na Bennettitales nimejaribu karatasi, plastiki ya chupa na majani ya mkangazi. Kilichoshinda ni unyoya wa kuku. Una uti katikati na nyuzi pande mbili, ambavyo ndivyo jani la mtapo lilivyoumbwa. Chagua manyoya madogo ya shingoni na kifuani ya sentimita tatu hivi, pitisha gundi nyepesi, kata nyuzi kwa mkasi mdogo ziwe kama meno ya kitana, paka kijani kilichochanganywa na kahawia, kisha choma kumi na mbili kwa mduara juu ya kigogo cha udongo. Na kwa kuwa ndege ndio dainosari pekee waliobaki, kuku atakuwa amechangia kwa ndugu zake.

Mimea ya plastiki ya matangi ya samaki haina budi kutajwa, maana ndiyo rahisi kupatikana. Mingi inaiga mimea ya majini inayotoa maua, na kijani chake kinang’aa kupita kiasi. Chagua yenye majani yaliyogawanyika kama ya kangaga, punguza makali yake kwa rangi ya kahawia iliyotiwa maji, na epuka chochote chenye jani pana lenye mishipa ya wavu kama dainosari wako ni wa Jurasi.

Kuna kitu kingine ambacho kinatofautisha mandhari iliyofikiriwa na iliyopambwa: mimea ililiwa. Mwaka 2008 watafiti wakiongozwa na Jürgen Hummel walichukua majani ya ndugu wa mimea ya kale, wakayachachusha kwa maji ya tumbo la kondoo, wakapima ni nishati kiasi gani yangempa mnyama. Ekwisetamu ilifanya vizuri ajabu. Araukaria ilianza polepole, lakini ikiachwa tumboni siku kadhaa ilitoa nishati nyingi, jambo linalomfaa sauropodi kama Giraffatitan, mwenye tumbo kubwa na safari ndefu ya chakula. Mitapo, mipodo na makangaga ya miti yalikuwa duni. Kwa hiyo mdomo wa Giraffatitan wako uelekee kwenye araukaria, huku Kentrosaurus, ambaye kichwa chake hakikwenda juu sana, apewe makangaga na ekwisetamu. Mtapo ukae pembeni bila kuguswa.

Na miti iwe na majeraha. Aliyetembea Tarangire anajua tembo wanavyoliacha pori: matawi yamening’inia, magome yamechunwa, miti midogo imelala chali. Giraffatitan alikuwa na uzito wa tembo kadhaa. Araukaria zilizosimama zote zimekamilika kama askari wa gwaride, mita mbili kutoka kwa kundi la sauropodi, ni jambo gumu kuliamini kuliko mnazi. Vunja matawi ya chini. Acha koni chache ardhini. Mwaga makombe madogo ya chaza kwenye mchanga upande wa bahari, na upande wa bara weka miti michache tu, kwa umbali. Mandhari ya Tendaguru inavyokuwa tupu ndivyo inavyokaribia tunachokijua.

Ninachoomba ni kimoja. Mtapo wa pwani yetu, Encephalartos hildebrandtii, unaota wenyewe kwenye misitu na vichaka vya ukanda wa bahari wa Kenya na Tanzania, na siku hizi mtu akipata shauku ya dainosari huanza kuutamani. Mitapo yote ya jenasi hiyo imo katika Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba wa CITES, na biashara ya kimataifa ya mimea iliyong’olewa porini imepigwa marufuku. Hukua polepole mno, na mbegu zake zina sumu kwa watoto na mbwa. Uache ulipo. Ukitaka kulijua umbo lake, nenda ukauchore papo hapo, upime majani yake kwa rula, urudi nyumbani utafute kuku.